Ramli kwenye Mchanga wa Kanisa

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu yenyewe bado mbichi, na mpaka leo nikipita sokoni Lushoto nikaona akina mama wawili wananong'ona, najua ni mimi.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari kule Gare, lakini kwetu ni Tanga mjini, na balaa linaanzia hapo, kwa sababu huku milimani mtu wa pwani, hata akiwa Mlutheri anayeimba besi kwaya (ndiyo, mimi), wapo wanaomwangalia kwa jicho la pembeni, kwamba huyu hakukosa kufundishwa mambo na bibi yake. Wiki hiyo nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Neema. Baba yake ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na alisema jibu atalitoa Jumapili baada ya ibada. Basi nikawa silali, sili.

Ijumaa somo likawa maneno ya mkopo, tukafika kwenye "ramli". Nikawaeleza wanafunzi kwamba neno limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni mchanga tu, huu wa kujengea, ila kwa kuwa waaguzi wa zamani walichora vitone na mistari mchangani ili wasome yatakayokuja, jina la mchanga likahamia kwenye kazi yenyewe, na leo hata mwaguzi akitumia kioo bado tunasema anapiga ramli. Darasa likanitazama tu. Nikaona (na hapa ndipo nilipojiponza) niwaonyeshe kwa vitendo. Udongo wetu ni mwekundu, unanata, hauchoreki. Mchanga wa maana ulikuwa mmoja tu, lile rundo la kanisa jipya jirani na shule, ambalo akina mama wa usharika walilibeba kwa ndoo kichwani kutoka mtoni siku za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kujitolea.

Nikachuchumaa, nikausawazisha mchanga, nikajifunika sweta kichwani, nikaanza kudonoa vitone kwa kidole. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, hebu tuangalizie posa yako!" Wakacheka, na mimi, kwa jinsi wasiwasi wa wiki nzima ulivyokuwa umenijaa, nikaona heri niutoe kwa mzaha, nikatoa sauti nzito ya kutetemeka: "Naona mzee... atanuna... atanuna sana... lakini Jumapili atakubali, hana ujanja!"

Vicheko vikakatika. Nikadhani nimewakamata kwelikweli, nikaongeza na kutikisa mabega. Ndipo nikasikia ndoo ikitua chini nyuma yangu.

Alikuwa Mama Neema, na nyuma yake akina mama wote wa msaragambo, ndoo vichwani.

"Shikamoo mama," nikasema, sweta bado kichwani.

Hakuitikia. (Huku shikamoo isipoitikiwa ujue umeshahukumiwa.) "Mwalimu," akasema polepole, "mchanga wa madhabahu ndio unaupigia ramli ya mwanangu?"

"Hapana mama, ni asili ya neno! Ni Kiarabu!"

Sijui nani alinituma kutaja Kiarabu. Mama mmoja akapiga kelele, "Yesu wangu!", na mpaka jioni Gare nzima ilishajua kuwa mwalimu wa Tanga ameliroga kanisa, na ikaamuliwa rundo lile lisijenge hata choo. Jumamosi nikabeba mchanga mwingine wa kulifidia, peke yangu, ndoo kichwani, suruali imelowa, na watu wanaokwenda kupanda gari la Lushoto wanasimama kunitazama. Shingo iliniuma, lakini moyo uliuma zaidi, kila nikipanda kilima nawaza, Neema ndiyo basi tena.

Jumapili baada ya ibada Baba Neema akaniita pembeni.

"Mwalimu," akasema, "mimi neno nimelielewa, mchungaji amenifafanulia. Sina ubaya na wewe. Hiyo posa nilikuwa nimeshaikubali tangu mwanzo."

Nikashusha pumzi.

"Lakini ulisema nitanuna, halafu nitakubali. Kununa nimeshanuna. Sasa nikikubali leo, usharika mzima utasema ramli yako imetimia, na kesho watakujia mlangoni na kuku. Kwa hiyo nimekataa."

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka wasahau."

Wasahau! Watu wa Gare, ambao mpaka leo wanamsimulia mtu aliyesinzia wakati wa mahubiri akaanguka kutoka kwenye benchi, na mwenyewe alishazikwa zamani!

Neema alikuwa ananingoja nje, macho mekundu. Nikamweleza yote. Akasema, "Hivi wewe, umekaa pale mchangani, ulishindwa nini kusema atakataa?"

Nimeapa sitafundisha tena neno lolote kwa vitendo. Likifika lile nasema limetoka Kiarabu, maana yake mchanga, andikeni, na mikono yangu iko mfukoni. Na kila ibada ikiisha nawahi mlangoni kumwamkia baba yake Neema. Ananiitikia vizuri tu, marahaba mwanangu, halafu anawatazama watu waliosimama pale nje, ananigeukia, anatikisa kichwa: bado.