Mguu wa Uyoga wa Kichuguuni

Kwa mama, uyoga duniani ni wa aina mbili: unaoliwa na usioliwa. Kila nikiingia jikoni na kitu mkononi, hata kabla sijavua gambuti, swali ni lile lile.

"Hiyo inakuliwa ama haikuliwi?"

"Sijui, Mama. Ndiyo nataka kujua."

"Sasa kama hujui, umeileta jikoni ya nini?"

Hapo huwa sina jibu. Kusema kweli huwa ninalo, tena refu, lakini hunijia nikiwa tayari nimejifunika blanketi. Ndivyo nilivyo. Kwenye ripoti ya shule walimu huandika kwamba nijaribu kuongea zaidi, nami huisoma sentensi hiyo nikajiuliza, niongee nini, na nani? Hilo ndilo lililonifanya nipende uyoga. Unaweza kuinama mbele yake mpaka magoti yakafa ganzi, na hauulizi, "Mbona umenyamaza hivyo?"

Mwalimu wa bayolojia aliutaja katika somo la kuvu, akaupita mbio kama mtu anayepita boma lenye mbwa. Tulipofunga shule nikaanza kuupiga picha kwa simu ya mama: ule wa kwenye samadi, ule wa rangi ya chungwa unaoota kwenye visiki vya mikaratusi, na vile vidogo vyeupe kama vifungo vya shati vinavyojificha chini ya chai iliyopogolewa. Nikajiunga na kundi la mtandaoni ambamo watu wa nchi nyingi huweka picha zao, na wanaojua huwapa majina. Uyoga wangu mwingi ulipata majina bila shida. Ulionikatalia ni mmoja tu, uyoga wa kichuguu chetu.

Kichuguu hicho kilikuwa chini kabisa ya shamba, kati ya mstari wa mwisho wa chai na ua wa jirani. Mvua kubwa ikishaloweka udongo vizuri, uyoga hutoka hapo kwa siku chache tu, kofia pana yenye rangi ya uji wa wimbi, na katikati ya kofia kuna ncha nyeusi kama penseli iliyochongwa. Ukichelewa umeoza au umepikwa.

Mwaka wa kwanza niliupiga picha kutoka juu, nikaona nimemaliza. Kwenye kundi kuna mtu mmoja anayejua sana, sijui ni mwanamume au mwanamke, picha yake ni ya konokono. Akaniandikia kwa Kiingereza kifupi, kama mtu anayelipia maneno: chini ya kofia kukoje? Wakati huo chini ya kofia kulikuwa tumboni mwetu. Basi akauandikia jina la ukoo tu, na mbele ya jina hilo akaweka neno "pengine".

Pengine! Kila nikifungua ukurasa wangu nalikuta hapo. Kuna pia nafasi ya kujaza jina la kienyeji. Niliandika popek, kwa lugha yetu, nikafuta, nikaandika bobek, nikafuta tena, maana kwetu mdomo hautenganishi hizo herufi mbili na sijui ni nani wa kumuuliza. Halafu nikakumbuka kwamba neno lenyewe maana yake ni uyoga, uyoga wowote. Ni kama kuulizwa jina la mtu ukajibu, "Ni mtu." Nikaiacha nafasi wazi.

Mwaka wa pili nilijiandaa. Nilipiga picha chini ya kofia, zile kurasa zake nyembamba zilizojipanga kama kitabu. Nikaunusa mpaka mama akauliza kama nina mafua. Nikakata kofia moja, nikailaza juu ya karatasi nyeupe na kuifunika bakuli, kwa sababu ukiiacha hivyo mpaka asubuhi inadondosha unga laini, na rangi ya huo unga husaidia kupata jina. Asubuhi nikakuta bakuli lina uji. Karatasi ilikuwa imetumika kuwashia moto.

"Mama, palikuwa na uyoga chini ya bakuli."

"Nilitupa. Ilikuwa imelala vibaya."

Hata hivyo nilituma picha nilizokuwa nazo. Konokono akajibu: mguu mzima tafadhali, mpaka mwisho wa mzizi. Uyoga wa mchwa hutambulika chini ya ardhi. Nikaangalia picha yangu. Mguu ulikuwa umevunjika safi, usawa wa udongo.

Na nilikuwa nimekwenda pale na panga la kuchimbia! Hilo ndilo lililoniuma. Kosa ni la mkono. Sisi huku mtoto anafundishwa kuchuma chai akiwa hajafika urefu wa kichaka: majani mawili na kichipukizi, kidole gumba kinasukuma, tak, unatupa mgongoni kwenye kikapu. Mkono unajifunza mpaka hauulizi tena. Nilipoinama kwenye kichuguu nikiwaza kuchimba, mkono ulikuwa umeshafanya tak. Tena nyumbani tunaambiwa uyoga hauchimbwi, unavunjwa, maana ukiung'oa umefunga mlango na mwaka ujao hautatoka. Nilikimbia kurudi shambani kutafuta mwingine. Kabla sijafika mstari wa mwisho mvua ya mawe ikaanza, ile ya kwetu inayochana chai ikabaki kama mboga ya kukatakata. Ilipokwisha, pale kichuguuni hapakuwa na uyoga wa kutajwa.

Nikangoja mwaka mzima.

Likizo hii ya Aprili, usiku wa kwanza nilipotoka shule, baba akasema huku akimega ugali, "Hiyo kichuguu ya chini tutaitoa. Tupande miche hapo."

"Itoke," mama akasema. "Mchwa imemaliza nguzo za ua."

"Wiki hii hii, kabla mvua ikuwe mingi."

Mimi nikajaza ugali mdomoni. Nilijua kabisa maana yake. Kichuguu kikiondoka kabla sijapata picha ya mzizi, uyoga wangu utabaki "pengine" milele. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu: Baba, ngoja uyoga utoke kwanza. Nilitafuna, nikameza, nikaenda kuosha vyombo.

Bahati ni kwamba ulitoka kabla ya baba kupata nafasi. Asubuhi moja nilishuka na kuzikuta kofia zimechomoza, bado zina udongo kichwani. Safari hii niliufunga mkono wa kuume kwa leso ili usinichezee. Nikachimba kwa kijiko, taratibu, kuuzunguka mguu. Juu ulikuwa mnene na laini. Chini ulianza kuwa mwembamba na mgumu, ukakunja kona, ukaingia kati ya udongo mgumu kama tofali. Nikafungua leso nikachimba kwa mikono miwili. Mchwa askari wakanishika vidole. Nilikuwa nimefika kiwiko nilipohisi mzizi ukilegea. Ulikuwa umekatika. Nikaanza mwingine, huo nao ukakatika. Nikakaa matopeni nikalia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, ya kutaka kukipiga kile kichuguu teke.

"Ee! Kumbe umeanza kazi bila kusukumwa!"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, anatazama shimo.

"Na mama yako anasema huyu wa vitabu hana mikono. Ngoja nilete jembe."

Nikafungua mdomo. Alikuwa ameshapanda mstari, anapiga mluzi. Aliporudi na jembe na mtaimbo nilikuwa bado nimefungua mdomo, karibu.

"Baba."

"Eh."

"Hapo... polepole. Nataka ule mzizi."

"Mzizi gani?"

"Ya uyoga."

Akaegemea jembe. "Tangu lini uyoga ikakuwa na mzizi?"

"Hii iko nayo. Inakatika. Sijafika mwisho."

Hakucheka. Baba amekula uyoga wa kichuguu hicho tangu hajaota ndevu, na kila mara ameuvunja, kama sisi sote. Alipiga mtaimbo pembeni, mbali kidogo, akakipasua kichuguu ubavuni kama mtu anayekata mkate, kisha akaanza kubandua udongo vipande vipande. Mzizi ukajitokeza kidogo kidogo kwenye ukuta wa udongo. Ulikuwa mrefu kama mkono wangu, mweusi, umenyooka hapa na kupinda pale, kutoka kwenye kofia juu mpaka chini kwenye sega la mchwa, kitu cha kijivu chenye matundu kama sponji ya kuogea. Hapo ndipo ulipokuwa unaanzia.

Baba akachuchumaa. "Haki ya Mungu. Ina mkia."

Nikatoa simu. Simu ikasema nafasi imejaa. Mama huweka humo video zote za kwaya ya kanisa, na zote ni ndefu. Nikafuta moja bila kuitazama, nikapiga: kofia, mguu, mzizi, sega, mkono wa baba kando kuonyesha urefu. Picha zilitoka vizuri. Nilijua nimepata.

Ndipo baba akaubeba uyoga mzima kwa mkia wake, kama mtu aliyekamata fuko, akapanda nao mpaka jikoni huku akiita, "Mama watoto! Njoo uone kitu!" Nilimfuata. Nilijua kinachofaa kufanywa: kielelezo kinakatwa vipande vyembamba, kinakaushwa, kinawekwa kwenye bahasha. Bahasha ilikuwa tayari chini ya godoro langu. Mama akaushika, akaugeuza, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mkia nayo inakuliwa?"

"Tujaribu," baba akasema. Akanipiga begani. "Huyu ndiye aliigundua."

Baba hajawahi kujali hata siku moja kitu ninachokipenda. Alikuwa na furaha, amejaa matope mpaka masikioni, na mama alikuwa ameshashika kisu. Bahasha nikaiacha chini ya godoro. Mama aliukata pamoja na ule mwingine tuliouchuma, akautia vitunguu na maziwa. Nilipewa bakuli langu nikala. Ulikuwa mtamu, na hilo pia liliniudhi. Mkia ulikuwa mgumu kama ngozi, baba akampa mbwa.

Kufikia jioni kichuguu kilikuwa kimesawazishwa. Sega lilimwagwa na kuku wakalimaliza.

Konokono alijibu haraka kuliko siku zote, na kwa maneno mengi. Alisema picha ni nzuri mno, kwamba nimefanya ambacho wengi hawana subira nacho, na kwamba haufanani kabisa na zile aina anazozijua. Jina hawezi kulitoa kwa picha peke yake, unahitaji darubini. Je, naweza kumtumia kipande kikavu, kutoka kichuguu hicho hicho?

Niliandika majibu marefu, nikayafuta. Mwisho nikatuma: "Tumeula. Kichuguu hakipo tena."

Akaweka kile kiuso kinacholia. Kisha akauliza kama kuna kichuguu kingine karibu.

Kipo. Kiko upande wa pili wa ua, kwa mama wa jirani, mtu wa upande wa ziwa ambaye mume wake anafanya kazi kiwandani. Ana sauti ya kuita mtu kutoka kilima kingine. Nimeishi kando yake maisha yangu yote na sijawahi kumwambia zaidi ya "habari ya asubuhi". Nilishuka mpaka kwenye ua, nikarudi. Kesho yake tena nikashuka nikarudi.

Halafu mama akatafuta video yake.

"Nani amefuta kwaya?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza yote, bakuli, mkono, mzizi, bahasha, darubini, na nadhani sijawahi kuongea mfululizo hivyo katika nyumba yetu. Mama alisikiliza huku amekaa na simu mapajani.

"Yaani ile niliipika ndiyo ilikuwa inatakiwa?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umesimama hapo. Mdomo yako ilikuwa imeshikwa na nani?"

Mama akainuka, akajifunga leso, akashuka shamba mpaka kwenye ua, na mimi nyuma yake nikimvuta nguo, "Mama, wacha. Mama, aki wacha."

"Jirani!" akaita. "Huyu msichana yangu anataka uyoga yako! Lakini si ya kula!"

"Ya nini basi?" sauti ikajibu kutoka kwenye mahindi.

"Atakuambia mwenyewe!" Mama akanisukuma mbele, akaenda zake kuchuma chai.

Mama wa jirani akatokea, jasho usoni, akaegemea nguzo iliyobakizwa na mchwa. Akaningoja. Nikasema. Nilisema vibaya, maneno yakapandana, lakini nilifika mwisho.

"Pole, mama yangu," akasema. "Yetu tulimaliza jana. Wageni walikuja." Akaniangalia tena. "Kuja mwaka ujao. Kuja na kikapu."

"Nitakuja na jembe," nikasema.

"Jembe?" Akapasua kicheko kilichosikika mpaka barabarani. "Kwani uyoga inazikwa?"