Leo Nani Amekuvalisha?

Nilitoka Mombasa kwa basi la usiku, nikashinda kutwa nzima kwenye kiti cha chuma katika uwanja wa ndege wa Nairobi, nikasinzia nimekaa Addis Ababa kwa sababu ndege ya kuunganisha ilichelewa, na nilipotua Dubai nilikuwa bado na shati lile lile ambalo mama alinipigia pasi siku ya kuniaga. Haikuwa safari yangu ya kwanza. Nilikuwa nimekwisha kubeba mizigo ya watalii Malindi, kuuza simu Kampala na kulinda ghala Dar es Salaam. Kila nilipofika nilipakumbuka nilipotoka, na kila niliporudi nilitamani kuondoka. Cheti changu kilikuwa cha kidato cha nne. Kiingereza changu ndicho kilichonipa kazi.

Nawaandikia vijana, maana wengi wenu mnaitafuta kazi hii, na wakala anayewatafutia hawaambii ndani kuna nini.

Kituo chetu cha simu kilihudumia mpango mmoja wa bima ya afya wa Marekani. Mzee akipiga simu kutoka kule, sauti inayompokea ilikuwa ya Mfilipino, Mhindi, Mmisri au yangu, na asubuhi yao ndiyo iliyokuwa alasiri yetu. Siku ya kwanza nilitoka kitandani kwangu Al Baraha, chumba cha kuchangia, nikafika mapema kuliko mwenye funguo. Meneja wa zamu alikuwa mwanamke wa Kilebanoni. Tulimwita Madam, na nadhani wengine hawakujua jina lake lingine.

"Umewahi kuuguza mtu?" akaniuliza.

"Nimemuuguza baba, madam."

"Basi hayo yasahau. Hapa hatuuguzi. Hapa tunafungua simu na kufunga simu. Yalla, vaa hedseti."

Wanachama wetu wote walikuwa na kadi mbili za serikali. Medicare ni bima ya waliotimiza miaka sitini na mitano, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo, na kila jimbo lina masharti yake. Mzee asiye na kitu anaweza kuwa na zote mbili, na hapo ndipo anapochanganyikiwa: hajui atoe ipi, basi moja anaifungia kabatini. Kazi yetu ilikuwa kumwambia aitoe. Akienda hospitali, Medicare hulipa kwanza, Medicaid hufuata kwa kilichobaki. Mpango wetu uliziunganisha na kuongeza vyake: meno, miwani, vifaa vya kusikia, gari la kumpeleka kliniki. Msaidizi wa nyumbani, yule anayemwogesha mtu na kumpikia, hutoka zaidi upande wa Medicaid, na hapewi mtu mpaka ionekane kwamba anamhitaji.

Niliipenda kazi. Nilimwambia ajuza wa Marekani kwamba meno yake ya bandia yamelipiwa, naye akanibariki, huku gego langu mwenyewe likinipwita. Nilipokwenda kliniki Al Rigga, binti wa mapokezi aliitazama kadi yangu ya bima ya kazini, ile ya daraja la chini, akanirudishia. "Jino halimo, sir." Nikarudi kazini na karafuu mdomoni.

"Buda, wewe endelea kugawa meno," akasema Njeri, jirani yangu wa meza, mtu wa Nyeri. "Yako utapata ukizeekea Amerika."

Kila mwaka mwanachama huulizwa maswali kuhusu hali yake. Tuliyaita tathmini. Unaweza kuoga mwenyewe? Kuvaa? Kupika? Kushuka ngazi? Majibu hayo ndiyo yanayoamua msaidizi aje au asije. Asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo. Tunamwingiza kwenye laini, tunakuwa watu watatu. Na kituo kilikuwa na sharti: hata ukiijua lugha ya mwanachama, usiizungumze kama hujapimwa. Simu zote zinarekodiwa. Kwa Kiswahili hakuna aliyekuwa amepimwa, wala hakuna aliyefikiri kwamba ipo haja.

Ndipo akapiga simu Bi Mwanaisha. Jina hilo nimempa mimi. Alikuwa Mbajuni, aliyekimbia vita kwao, akakaa Mombasa, kisha akapelekwa Marekani pamoja na mwanawe. Figo zake hazifanyi kazi. Damu yake husafishwa kwa mashine kliniki, na hilo si jambo la kuahirisha. Mwanawe hushinda kazini, kwa hiyo msaidizi ndiye aliyekuwa akimvalisha na kumshusha ngazi hadi kwenye gari. Sasa msaidizi alikuwa amesimamishwa, naye alitaka kujua kwa nini.

Nikafungua tathmini yake ya mwisho. Kwa kila swali jibu lilikuwa lile lile: hana shida.

Mkalimani niliyemwita tangu mwanzo alikuwa bado kwenye laini, nikaanza kuuliza upya kwa Kiingereza kama utaratibu unavyotaka. Naye, Mkongo mwenye sauti ya upole, akamgeuzia kwa Kiswahili.

"Mama, unaweza kuvaa nguo mwenyewe?"

"Navaa, mwanangu, alhamdulillahi."

"Unaweza kupika?"

"Tunakula. Tunashukuru."

"Ngazi je, unashuka?"

"Mungu anasaidia."

Anaweza, akasema mkalimani kwa Kiingereza. Anaweza. Anaweza.

Hakukosea hata neno. Lakini mimi nilikulia katika nyumba ya bibi aliyekuwa akijibu "mzima" huku ameshikilia ukuta asianguke. Kwetu ukiulizwa hali, unamshukuru Mungu kwanza. Shida haimwagwi mbele ya mgeni ambaye hata shikamoo hajakupa. Anayeuliza mara moja na kuondoka na jibu la kwanza ameondoka na salamu tu. Mwaka mzima wa yule mama ulikuwa umeamuliwa kwa salamu.

Nikasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, Bi Mwanaisha."

Njeri akageuka.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Naitwa Swaleh. Niko Dubai, lakini kwetu Mombasa, Majengo."

"Majengo kwa nani?"

"Kwa Bi Rukia wa mahamri."

"Yule wa karibu na msikiti?"

"Ndiye bibi yangu."

"Mahamri yake yalijaa iliki," akasema, na sauti yake ikatulia kama mtu aliyepata pa kukaa. "Watu wakilalamika, anawaambia nendeni mkale mkate."

Ndivyo alivyokuwa. Kwa miaka mingi sikuwa nimemsikia mtu akimtaja bibi yangu, na harufu ya jiko lake ikanijia pale pale mezani. Saa ya simu kwenye skrini ilikuwa imekwisha kugeuka nyekundu, dalili kwamba nimepitiliza.

"Bi, leo nani amekuvalisha?"

Akarudi kwenye iliki ya mahamri.

"Nguo uliyonayo umeivaa lini?"

"Mambo hayo hayasemwi kwenye simu, mwanangu."

"Niambie mimi, Bi. Mimi mjukuu wa Rukia."

"Ijumaa," akasema. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Na kliniki?"

"Gari lilikuja juzi, likapiga honi. Nikashuka ngazi moja, miguu ikakataa, nikakaa papo hapo. Likapiga tena. Kisha likaondoka."

Madam alikuwa amesimama nyuma yangu. "Swaleh, khalas. Funga."

Nikazima kipaza sauti. "Madam, huyu hawezi kushuka ngazi, na amekosa kusafishwa damu."

"Mkalimani amesema anaweza."

"Mama alikuwa anasalimia."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anasalimia, madam."

Akanitazama kama mtu anavyolitazama friji lililoanza kunguruma. Nikafungua kipaza sauti, nikamaliza maswali yote, nikaandika majibu kama alivyoyasema, nikaipeleka kesi kwa muuguzi mratibu kule Marekani, mwenye mamlaka ya kumrudisha msaidizi. Nikaitia alama ya dharura. Nilimuaga Bi Mwanaisha mpaka akaridhika, na kuagana huko nako hakukuwa kufupi.

Kesho yake niliitwa ofisini. Mkaguzi wa simu, kijana wa Kihindi mwenye adabu, alitusikilizisha rekodi yote. Kisha Madam akanisogezea karatasi. Ilisema kwamba majibu niliyoyapokea yako nje ya utaratibu, na kwamba nakubali yafutwe. Nikisaini, nitapewa onyo na mkataba wangu utaendelea. Nisiposaini, mkataba unaisha mwezi ule, na viza pamoja nao.

"Yakifutwa, yanabaki yapi?" nikauliza.

"Ya zamani," akasema mkaguzi. "Mpaka apigiwe tena."

"Lini?"

"Zamu yake ikifika."

"Hiyo zamu atakuwa kaburini."

Madam akavua miwani. "Una mama nyumbani anayekutegemea. Huyu mwanamke unamjua?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Ameniita mwanangu, madam."

"Wazee wote wa Amerika wananiita mpenzi, Swaleh. Sijafukuzwa kazi kwa ajili ya hata mmoja."

Hata mkaguzi alicheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikairudisha karatasi upande wake.

"Sisaini."

"Fikiri mpaka kesho."

"Kesho pia sisaini. Mnaweza kunifukuza kwa kusema Kiswahili. Sharti nililijua na nimelivunja. Lakini kuandika kwamba yule mama hakusema alichosema, hapana."

"Wewe ni mfanyakazi mzuri," akasema Madam, na nadhani alimaanisha.

"Basi mzuri hasaini, madam."

Jioni ile walinifungia kompyuta. Sikujua tena kama muuguzi aliiona kesi, kama msaidizi alirudi, kama gari lilipiga honi na kuondoka mara nyingine. Siku zangu za mwisho nilizipitisha Discovery Gardens, nilikokuwa nimehamia, nikizunguka kati ya majengo yanayofanana mpaka unasahau lako ni lipi. Wenzangu wa chumba waliniambia nirudi nikaombe radhi. Mmoja akasema nimeacha kazi kwa ajili ya ajuza na shikamoo yake. Nikamwambia ndiyo, ni hivyo hasa.

Nimestaafu kazi ya simu bado sijafika hamsini, na sina nilichojenga wala nilichowekeza. Ningeketi tena kwenye kiti kile, ningesema shikamoo tena. Nanyi mtakaoketi hapo, shikeni masharti, mengi yana maana yake: mkalimani ni haki ya mgonjwa, na rekodi humlinda. Lakini mtu wa kwetu msimuulize hajambo mkaandika. Muulizeni jana alikula nini na nani alipika. Muulizeni nani alimfunga vifungo. Na akikaa kimya, msiujaze ukimya ule kwa sauti zenu. Mkiambiwa mfunge simu, kila mmoja ataamua mwenyewe. Mimi niliamua.

Siku ya kuondoka niliketi uwanjani, gego bado likiniuma, ujumbe wa sauti wa Njeri ukaingia.

"Swaleh, skiza. Madam ametupima Kiswahili, wote. Mimi nimepita, na usicheke. Leo nyanya yako, Bi Mwanaisha, amepiga, anataka miwani. Nikampa shikamoo vile wewe hufanya. Nikamuuliza hajambo, akasema hajambo. Nikamuuliza, sasa leo nani amekuvalisha? Akasema ni yule msaidizi wake wa zamani, amerudi, amemvisha dera la kijani na kumshusha mpaka kwa gari. Halafu akaniuliza, na wewe ni wa kwa nani? Sasa mimi wa Nyeri, atanijua? Nikamwambia mimi ni wa kwa Swaleh. Akasema, basi wewe nawe ni wa Majengo."

Wakaita ndege yangu. Nikainuka.