Mjukuu Wangu Wakili Alihamia Kampuni na Siri ya Jirani Yangu

Admin, ficha jina langu na la mjukuu wangu, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni mjane wa miaka sabini na nne, mkulima wa waru, yaani viazi, huku Kibirichia. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo anayetaka kucheka herufi zangu acheke haraka kisha asome.

Huyu msichana nilimlea mimi baada ya mama yake, binti yangu, kufariki. Alisoma mpaka akawa wakili, si wa kesi za wezi, ni wa mambo ya mazingira na umeme. Aliajiriwa na shirika linalotetea wenye mashamba. Kampuni fulani ilipotaka mashamba yetu ya juu isimamishe minara ya umeme wa upepo, yeye ndiye alitumwa kutusimamia. Siku hizo kanisani nilikaa kiti cha mbele, na ibada ikiisha sikuwa na haraka ya kutoka.

Nilimpeleka nyumba kwa nyumba mimi mwenyewe. Watu wa huku hawaambii mgeni habari za mpaka, lakini niliwaambia, "Semeni, huyu ni damu yangu." Kwa jirani yangu, nimwite Mama Nkatha, tulikaribishwa uji jikoni. Mama akasita kusema. Mjukuu wangu akaweka kikombe chini, akamshika mkono, akamwita bibi kama anavyoniita mimi. "Shosho, wakili ni kama daktari. Ukimficha kidonda, atatibu mguu usiouma."

Ndipo mama akafungua kifua. Zamani, ndugu ya mumewe alitaka kuoa na hana kitu. Mumewe akatoa ng'ombe zake za mahari, na yule ndugu akampa shamba la juu. Walichinja kondoo dume, wazee wakala, ikawa imekwisha. Nani wakati huo alikuwa anakimbilia ofisi ya ardhi? Hati ilibaki na jina la ndugu. Sasa hao ndugu wawili wamekufa, na wazee walioshuhudia wamekufa. Hata mimi, jirani wa miaka yote hiyo, nilikuwa sijui. Jikoni tulikuwa watatu tu, na mjukuu wangu akaandika kila kitu.

Mwaka haukuisha. Akaja nyumbani na gari kubwa na mkate wa kukata kwa kisu, akaniambia amepata kazi kwa ile kampuni. Ati mkuu wa sheria na sera.

Nikamuuliza, "Kampuni gani? Ile ya minara?"

"Shosho, sijawahama. Nimebadilisha kiti tu. Mawakili wote wa umeme hufanya hivi, leo uko kwa shirika, kesho kwa serikali, kesho kutwa kwa kampuni. Ni kupanda ngazi. Na afadhali mimi niwe huko ndani niwatetee kuliko mtu asiyewajua."

Nilimeza hayo. Tena nilikula mkate. Mjinga ni mimi.

Baada ya mwezi mmoja, vijana wa yule ndugu wakatoka Meru mjini na barua ya kampuni. Walimkuta Mama Nkatha akipalilia, wakamwambia asipande msimu ujao, shamba ni lao na wanaikodishia kampuni. Fikirieni, wanafukuza mtu ambaye ng'ombe zake ndizo zilimuoa mama yao! Akawaambia hivyo. Wakamfungulia barua, mmoja akasoma: makubaliano ya ng'ombe za mahari hayana maandishi, wala shahidi aliye hai.

Mama Nkatha alikuja kwangu na jembe bado mkononi. Hakuketi. "Tulikuwa watatu jikoni kwangu. Mimi sikusema. Ni wewe?"

Nilisema si mimi. Akaenda zake. Tangu siku hiyo tukikutana njiani ananisalimia kama mtu anayesalimia karani.

Nilimpigia yule msichana simu nikamtukana mpaka sauti ikakauka. Akasema, "Shosho, hati iko ofisi ya ardhi, mtu yeyote angeiona."

Nikamwambia, "Hati ingewaonyesha jina. Ingewaonyesha pia kwamba wazee wameisha? Ingewaonyesha ng'ombe?"

Akakata simu. Admin, mwanangu, hapo ndipo nilijua.

Sasa yule wakili aliyechukua nafasi yake kwa shirika amenijia. Anasema wakili akitoa siri ya mtu aliyemtetea, akaibeba upande wa pili, anaweza kuitwa na wakubwa wake na kunyang'anywa leseni. Kampuni nayo inaweza kuzuiwa kutumia barua hiyo. Lakini neno la Mama Nkatha peke yake litapingwa. Anataka mtu wa tatu aliyekuwa jikoni aandike ushahidi. Mimi.

Mjukuu wangu amesikia. Hatukani wala hajitetei tena. Alisema neno moja tu: "Shosho, ukiweka sahihi umenizika." Na mimi ndiye nililima mvua na jua apate hiyo leseni. Hana mama, hana baba, ana mimi.

Msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie damu ni nzito kuliko maji, kwa sababu Mama Nkatha hana shamba lingine, na aliyemshawishi aseme ni mimi. Na tena kuna kitu kinaniaibisha: sijui kama ninataka kuandika kwa ajili ya jirani yangu, au kwa sababu yule mtoto alinitumia mimi kama ufunguo wa kufungulia milango ya watu.

Karatasi iko mezani. Ijumaa wakili anakuja kuichukua, na jina langu ninajua kuliandika vizuri. Nyinyi mliosoma, na nyinyi mliolea, niambieni: niliandike, ama nimrudishie karatasi tupu?