Maji Saba ya Bwana Kola

Watu wa mtaa ule walisema mengi, na waliosema zaidi ndio waliokuwa mbali zaidi na meza. Kwa hiyo iwekwe wazi tangu mwanzo: Bwana Kola hakutia sabuni. Si kidogo, si kwa bahati mbaya. Hayo mengine, kwamba alianika chakula kwenye kamba na kukipiga pasi, ni kweli, lakini kila kimoja kilikuwa na sababu yake.

Bwana Kola alikuwa dobi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kola ya shati iliyopita mikononi mwake ilisimama wima siku tatu, hata kama mwenye shati mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Duka lake lilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya familia: dirisha moja la kupokelea nguo, meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni, pasi ya umeme, pasi ya mkaa ya kungojea umeme ukatike, na huko uani bomba moja na mabeseni matano. Beseni la mwisho lilikuwa la enameli, limechorwa ua jekundu chini kabisa. Nguo ilisuuzwa humo mpaka ua lionekane jani kwa jani. Maji yakiwa na ukungu, nguo bado. Na kama kulikuwa na doa lililogoma kabisa, alibania kikaratasi chenye mwandiko wake ulionyooka: "Doa hili limekuja na nguo." Miaka thelathini na moja hakuwahi kumkabidhi mtu kitu kilichofuliwa nusunusu.

Mkewe alikuwa amefariki. Nyumba ilishikwa na dada mkubwa wa Bwana Kola, mwalimu mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Mwalimu, na alikuwamo binti wa pekee wa dobi mwenyewe. Binti huyo alikuwa amechumbiwa na fundi wa lifti, kijana mpole asiye na neno. Mwenye neno alikuwa mama yake kijana. Mama huyo alikuwa daktari wa meno, naye hakugusa chochote kilichotoka kwa mnyama: si nyama, si samaki, si yai, si maziwa, hata asali hapana. Jumapili angekuja kula chakula cha mchana ili wazazi waonane.

"Baba, nisikilize vizuri," binti alisema, ameshika kitabu cha mapishi alichoazima kazini. "Kabla yangu kulikuwa na mchumba mwingine. Uchumba ule ulifia mezani. Kwao walipika nyama, wakaiopoa, wakampa mama mchuzi wake wakidhani hatajua. Alionja kijiko kimoja, akachukua mkoba wake, akaondoka. Kesho yake pete ikarudishwa."

"Basi apikiwe maharage," Dada Mwalimu akakata shauri.

"Shangazi, kila anakokwenda anapewa maharage. Amesema akiwekewa tena maharage atalia."

Ndipo kilipotajwa chakula kiitwacho nyama ya ngano. Kitabu kilieleza kwamba unga wa ngano unakandwa, unalazwa kwenye maji, kisha donge linaoshwa mpaka wanga utoke na ubaki ule unato wake unaovutika, ambao hutiwa viungo, huchemshwa na kuokwa. Kitabu kilikiri pia kwamba wapishi wengi wa nyumbani hushindwa. Bwana Kola hakusikia kushindwa. Alisikia neno moja tu.

"Soma tena hapo."

"'Osha donge kwenye maji safi...'"

"Inatosha. Katika nyumba hii, anayeosha ni nani?"

"Baba, sijamaliza. 'Acha kuosha maji yangali na ukungu kidogo.'"

Bwana Kola alicheka kwa huruma. "Aliyeandika hicho kitabu hajafua hata leso."

Alianza Alhamisi. Alikanda unga kama anayelainisha suruali ya turubai, akauloweka, akaanza kuosha. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa. Ya pili hivyo hivyo. Kufikia ya saba, ua jekundu liling'aa chini ya beseni kana kwamba limechorwa asubuhi ile, na mkononi alikuwa na kitu cha rangi ya kijivu, kidogo kama ngumi, kilichomvuta alipokivuta. Alikichemsha. Kilivimba mpaka kikainua mfuniko. Alikioka, akakikata kipande, akakitafuna tangu taarifa ya habari ilipoanza mpaka ilipokwisha, na kipande kikatoka kilivyoingia.

"Kina maji mengi," alisema. Kwa hiyo donge la pili akalianika kwenye kamba kwa vibanio viwili lichuruzike. Lilinyooka taratibu hadi likakaribia kugusa sakafu. Alipolifungua, lilijirudi juu na kumpiga kidevuni. La tatu aliliweka kati ya vitambaa viwili vibichi akalipiga pasi kwa moto wa nguo za pamba, ili liwe jembamba na laini. Likawa jembamba. Alipoinua pasi, likawa nene tena.

Muuza nyama wa duka la pili alikuwa akitazama yote hayo juu ya ukuta wa uani, kisu mkononi.

"Kaka, hiyo unapika au unafua?"

"Vyote viwili."

"Mimi nauza nyama huku, wewe unaitengeneza kwa unga! Unanitukana au unanionea huruma?" Akashusha sauti. "Chukua mfupa mmoja uchemshie hilo dude lako, lilainike, lipate ladha. Mgeni atajuaje?"

"Na mimi nitambandikia kikaratasi gani?" Bwana Kola alimjibu, akageukia bomba.

Wakati huo maji meupe yalikuwa yamejaa mabeseni manne, na dobi hamwagi wanga. Alingoja utuame, akaupika, akautia kwenye mashati ya wateja. Ijumaa mtaa uliamka kidevu juu. Karani wa posta alilazimika kugeuza mwili mzima ili atazame saa ya ukutani. Mwalimu mkuu aliingia darasani bila kuweza kuinamisha kichwa, na wanafunzi, wakidhani amekasirika kupita kiasi, walikaa kimya mpaka kengele. Watu watatu walikuja dirishani kushukuru, na wa nne akaja kuomba akatiwe shati kwa mkasi ili alale.

Jumamosi Dada Mwalimu alimfuata bombani.

"Mdogo wangu, acha ukaidi. Kitabu kimesema ukungu."

"Dada, nitoe kitu kwenye maji machafu nimpe mkwe?"

"Hiyo si nguo!"

"Kuosha ni kuosha."

"Binti yako ana huyu mmoja, na anampenda. Ukimharibia kwa ajili ya ua la beseni, mimi sitakuwa na uso wa kupita barabarani."

Hilo lilimwingia. Alijaribu, kwa haki alijaribu. Kwenye maji ya nne, yangali na ukungu, alitoa mikono, akajifuta, akaenda hadi mlangoni. Alisimama hapo kidogo, vidole vikimwasha. Kisha akarudi, akaosha ya tano, ya sita na ya saba.

Jumapili daktari alifika na mwanawe saa saba kamili. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani minene, na mkoba wake mkubwa aliuweka karibu na mguu wa kiti, mahali pa kuudaka haraka. Binti hakuondoa macho kwenye mkoba ule.

Sahani iliwekwa katikati. Kipande cha kwanza kiliukimbia uma, kikaruka, kikatua ndani ya glasi ya Dada Mwalimu, naye akakifunika kwa kiganja na kuuliza habari za safari. Cha pili daktari alikidaka. Akatafuna upande wa kulia. Akahamia kushoto. Chakula kililia kama kiatu kipya. Fundi wa lifti alitazama dari. Mwishowe daktari alimeza kwa jasho, akafuta midomo, na mkono wake ukashuka chini kuelekea mkobani.

Binti akafumba macho.

Daktari alitoa kioo kidogo chenye mpini, kile cha kutazamia meno, akakiweka mbele ya kipande kilichobaki, akakichunguza juu, chini na pembeni.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "hiki kimeoshwa mara ngapi?"

"Maji saba, mama."

"Ndivyo kitabu kilivyosema?"

Bwana Kola alitazama mikono yake. "Kitabu kilisema niache yangali na ukungu. Nilishindwa. Miaka thelathini na moja sijamkabidhi mtu kitu ambacho hakijatakata. Mikono ilikataa. Kosa ni langu, huyu mtoto hakunifundisha hivyo."

Daktari alirudisha kioo, akavua miwani, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika meza.

"Nimelishwa uongo mtamu katika nyumba nyingi," alisema alipopata pumzi. "Mchuzi wenye mfupa, keki yenye 'mayai mawili tu'. Hiki hakina ladha ya mfupa, wala siagi, wala ya kitu chochote kilichowahi kuwa hai. Mtu anayedanganya hawezi kutoa kitu kibaya kiasi hiki. Unga mnao?"

Akakunja mikono ya gauni, akatoka uani kana kwamba ni kwake. Walikanda, wakalaza donge, wakaongea habari za watoto likilala. Kisha wakaosha pamoja. Maji ya nne yalipofika, daktari alisema, "Toa."

"Bado, mama. Hata ua halionekani."

"Toa."

"Moja tu ya mwisho."

Alimshika viganja vyote viwili, kama anavyowashika wagonjwa wanaotaka kumng'ata, akavinyanyua na donge lake. Bwana Kola aligeuza uso ukutani. Jua likiwa limeshaanza kushuka walikula nyama ya ngano laini, iliyokatika kwa uma, na fundi wa lifti, asiye na neno, alisema neno: "Iongezeni." Mama yake aliondoka na mkoba umevimba: lile donge la maji saba alilichukua aende nalo kliniki, la kujaribishia meno bandia mapya. Na siku ya arusi akaitaja yeye mwenyewe mlangoni.

Chakula cha wageni themanini alikipika Bwana Kola, beseni baada ya beseni, akiacha kwenye maji ya nne kila mara, uso ukutani. Watu walirudi kuomba tena, na muuza nyama alirudi mara tatu akidai anapeleleza. Dada Mwalimu alipopita kukagua meza, ndipo alipoona kwamba juu ya kila sinia kilisimama kijiti cha meno, na kwenye kijiti kikaratasi, kwa ule mwandiko ulionyooka:

"Haijatakata vizuri. Ni kwa ombi la mteja."