Kombe la Mama

Juzi mwanangu Rehema aliingia ndani na chupa ya marashi ya waridi. Alipoifungua tu, harufu ile ikanirudisha uani kwetu, Mtaa wa Msimbazi, nikiwa darasa la nne. Wengine waridi huwakumbusha harusi. Mimi, jamani, hunikumbusha mama yangu akipotea huku amekaa palepale mbele yetu.

Mama aliuza mitumba Mchikichini. Alikuwa mpole mpaka anakera. Mteja akililia hali anapunguziwa. Akitoa machozi anaondoka na gauni la bure na nauli juu. Wenzake walimtania kwamba iko siku atagawa na meza.

Mwaka ule akaanza kubadilika, kidogo kidogo. Kwanza aliacha kuitikia shikamoo. Kisha akawa anachota nyama kwenye sahani zetu bila haya, akitutazama usoni. Halafu tukaenda msibani kwa jirani, maiti imelazwa ndani, watu wanalia, Mama akaangua kicheko. Alicheka kwa raha zake, kama yuko barazani kwake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ndilo lilelile," Bibi, mama yake mzazi, alisema tuliporudi. "Jini la ukoo wa marehemu mume wangu. Naye alianza hivihivi, mtu mpole, akaishia kunipiga kwa mchi. Sasa limempanda binti yake." Kisha akanitazama mimi, kwa muda. "Na likimaliza hapa litatafuta pa kwenda."

Basi akaitwa maalimu. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi ya waridi, na maji hayo ya manjano, ndiyo kombe lenyewe, akampa Mama anywe. Tulimzunguka uani, roho mkononi. Nilishajiambia kwamba akimaliza tu ataniita "Kidawa wangu" kama zamani. Akanywa lote, akalamba midomo.

"Halina sukari," akasema, akanitazama kama mimi ni mteja asiyenunua.

Sijawahi kuogopa vile maishani.

Nilikuja kuelewa ukubwani, Mama akiwa hajitambui tena, daktari aliponiketisha. Alisema sehemu ya mbele ya ubongo wake, inayotunza subira na haya, ilikuwa ikifa polepole. Kumbe upole wa mtu una mahali pake mwilini, kama chakula kilivyo na tumbo, na pakiharibika hauna pa kukaa. Nikamtajia habari za babu. Akasema ugonjwa huu unaweza kufuata damu. Bibi alikosea jina tu.

Sasa nina umri aliokuwa nao Mama mwaka ule. Juzi Rehema alikuwa ameshapitia kwa maalimu. Akaitumbukiza karatasi ya aya aliyoandikiwa kwenye bakuli la maji, akamimina yale marashi.

"Mama, siku hizi umebadilika," akasema. "Jana umemfokea mtoto wa watu mpaka kajikojolea. Kunywa tu, kwa ajili yangu."

Nilitaka kumweleza habari za ubongo na damu. Lakini yale macho niliyajua, yalikuwa yangu ya darasa la nne. Nikanywa lote.

"Halina sukari," nikamwambia.

Nilikuwa namtania. Hakucheka. Na tangu hapo najiuliza kama kweli nilikuwa namtania.