Dada alichomwa uvimbe akarudishiwa seli zake za kinga, mimi nikawekwa mlangoni

Wakuu, salamu kutoka Kigali.

Shule yangu iliishia la saba kule Karagwe, kabla familia haijarudi Rwanda. Ya kitaalamu nitayaeleza nilivyoyaelewa, daktari aliyemo humu anisahihishe. Chumvi sitaongeza.

Dada yangu Speransi alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Akapigwa mionzi, ikatulia, halafu ikarudi: vivimbe viwili kwenye ini.

Daktari wake akamwombea nafasi kwenye majaribio nje ya nchi.

Kule walichukua seli zake za kinga wakazizalisha maabara. Kivimbe kimoja wakakichoma kwa sindano ya joto. Wakampa dawa kali ya kuondoa kinga ya zamani ili kupisha mpya, kisha wakamrudishia zile seli zikiwa nyingi. Wanasema kivimbe kikiungua, kinga inamjua adui vizuri zaidi. Ndivyo wanavyodhani, bado wanajaribu.

Alirudi nyumbani Gatsata, hapa Kigali, kinga ikiwa bado chini. Masharti: wageni wasiingie ndani, na maziwa ya mgando marufuku, maana kijidudu kidogo tu kingemlaza.

Sasa jamani, Rwanda hii! Mgonjwa anapelekewa chakula na watu wote. Kumrudisha mtu mlangoni ni kama kumtukana. Na mlangoni nikawekwa mimi.

Wa kwanza kufika shangazi Beata, na kibuyu cha ikivuguto, mgando wetu.

"Unanizuia mimi niliyekuogesha?"

"Shangazi, ni daktari kasema."

"Huyo daktari kamwogesha nani?"

Dada akapaza sauti dirishani: "Shangazi, kaa hapohapo unisengenyee majirani, nasikia vizuri!"

Tukaweka benchi chini ya dirisha. Kila jioni linajaa. Ikivuguto tukanywa sisi wazima.

Kwa haki, shangazi si mkorofi. Hakuna aliyekuwa amemweleza sababu, na mimi mwenyewe sikujua niielezeje.

Kisha homa ikampanda dada. Shangazi ndiye aliyefunga begi, tukakimbia hospitali. Maambukizi, na hapo ndipo daktari alipomweleza shangazi sababu ya masharti. Mungu saidia, antibiotiki zikaishusha.

Juzi kapigwa skani. Kivimbe kilichochomwa kimebaki kovu. Cha pili, ambacho hakikuguswa, kimesinyaa sana.

Nikamuuliza daktari: ni moto, ni seli, au ni maombi yetu?

"Sijui bado," akasema. "Na sijasema amepona. Ana nafuu kubwa, tutaendelea kumwangalia."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Na niseme ukweli wote: mama aliyelala naye chumba kimoja kule, matibabu yaleyale hayakumsaidia.

Kwa hiyo uzi huu msiuchukue kama tangazo. Nilichojifunza ni kidogo: wanawake wapimwe mapema, dada alichelewa. Na ukizuia wageni, waeleze kwa nini, watu wanaelewa.

Sasa wageni wameruhusiwa. Jana shangazi kafika, kasimama kizingitini, kaniangalia mimi kwanza.

"Naingia, au nikae kwenye benchi langu?"

Safari hii maziwa aliyachemsha mwenyewe. Yalikuwa bado yanatoa mvuke.

Mliouguza mtu kwa njia hii, yalikwendaje? Hata kama yalikwenda vibaya, semeni, nasoma yote.