Mama alimwambia mtu wa usalama kwamba vita inakuja, akacheka (Lubumbashi, enzi za Zaire)

Wakuu, salamu kwenu nyote, pamoja na mlio kazini mnaochungulia simu kwa kujificha.

Nimesoma mijadala yenu kuhusu watu wa usalama kushindwa kunusa shambulio kabla halijatokea. Kila mtu anauliza walikuwa wapi. Mimi nina kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Siongezi chumvi, na anayebisha abishe tu.

Ni enzi za chama kimoja. Nilikuwa fundi kijana kwenye karakana ya reli, nikikaa na mama yangu mtaa wa Ruashi. Mama aliuza samaki wa kukauka sokoni.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Kasongo. Kazi yake ilikuwa ya usalama, ya siri, maana yake mtaa mzima uliijua. Ukimwona anakuja unabadilisha mada, unaanza kusifia chama. (Leo nacheka. Wakati ule hakuna aliyethubutu kucheka.)

Mama tu ndiye hakumwogopa. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu mababu. Watanzania mnanielewa: mtani anakutukana, anabeba kitu chako, na ukifa anakuja msibani kukudhihaki ili wafiwa wapate kupumua.

Basi, msimu mmoja wanawake wanaoleta samaki kutoka upande wa mpakani wakamwambia mama kwamba kule watu wanahamisha watoto na mbuzi. Ng'ambo kuna wanaume wenye bunduki.

Mama akamngoja Kasongo pale mezani kwake sokoni.

"Mutani, leo haiko maneno ya kucheka. Kule ku mupaka bantu banakimbiza batoto. Vita iko inakuja. Ambia bakubwa yako."

"Mama, unataka banitume kule nikufe, ubakie unakula bukari na bibi yangu?" (Bukari ni ugali, na bibi ni mke.)

Akachagua samaki mnene, akaondoka bila kulipa. Wateja wakacheka. Mama hakucheka.

Na vita ikaja kweli. Mji wa machimbo ulioko magharibi yetu ukavamiwa, watu wakauawa majumbani mwao. Redio inasema hali ni shwari, huku malori ya askari yanapita mbele ya nyumba. Niliogopa wakuu, sitaki kujifanya shujaa.

Baadaye chama kikaita mkutano kwenye uwanja wa shule. Mkubwa mmoja alitoka Kinshasa. Mwalimu wa pale akathubutu kusimama, akamwita citoyen, yaani mwananchi, kama ilivyokuwa amri enzi zile.

"Citoyen, tuko na bantu benye kulipwa juu ya kusikia. Balikuwa wapi?"

Mkubwa akajibu kwamba kosa ni la wananchi. Mtu aliyejua akanyamaza ni adui wa nchi. Akauliza: nani alijua?

Mama akasimama. Nilimvuta kitenge, akanipiga mkono.

"Mimi nilijua. Na nilimuambia ule pale, Kasongo."

Wakuu, hapo niliona kifo. Kasongo akikubali, yeye ndiye aliyelala kazini. Akikana, mama ndiye aliyejua akaficha. Mmoja wao lazima abebwe.

Kasongo akasimama polepole.

"Mukubwa, huyu mama iko mutani yangu. Kila siku ananisingizia. Juzi aliambia soko yote ati mi naogopaka kuku."

Uwanja ukaangua kicheko. Mkubwa naye akatabasamu, akaendelea na mambo mengine. Mama akakaa chini.

Jioni Kasongo akaja kwetu kwa mlango wa nyuma. Hakutania.

"Mama, ile siku nilipeleka maneno yako juu. Chef wa kazi yetu akauliza nani alikuambia. Nikasema mutani yangu. Akacheka mpaka machozi."

Akageuka kuangalia mlango.

"Na leo chef alikuwa pale mbele, karibu na mukubwa. Alisikia yote, na anajua mi ni shahidi ya ile kicheko yake."

"Kimbia," mama akamwambia.

"Niende wapi? Mi ndiyo nafuataka bantu benye kukimbia."

Haikupita muda, gari likaja kumchukua. Mke wake akaambiwa mumewe ametumwa kikazi. Miezi ikapita, maskini yule mke bado anamwekea chakula chake. Mtaa mzima ulijua, hakuna aliyefungua mdomo. Ukisema amekufa, utaulizwa ameuawa na nani.

Asubuhi moja mama akavaa kitenge cha msiba, akaenda kukaa mlangoni kwa Kasongo, akaanza kumtukana kwa sauti kubwa. Muvivu weye! Miguu murefu, unaenda bila kuaga! Umeachia bibi kuni, hata kupasua haukupasua!

Watu wakasimama njiani. Kila mmoja aliyajua yale matusi. Ni yale anayotukanwa mtani aliyekufa.

Mke wa Kasongo akatoka. Akacheka. Halafu akapiga yowe nililokuwa sijawahi kulisikia, na wanawake wa mtaa wakatoka mmoja mmoja kuja kukaa naye chini. Msiba bila maiti, bila ruhusa ya mtu. Mimi nilisimama naangalia barabara, nangoja lile gari lirudi kumchukua mama. Halikuja.

Nilichojifunza ni hiki: habari hufika. Ila mkubwa huuliza kwanza nani kasema, na akisikia ni muuza samaki, anacheka. Mambo yakiharibika, lawama inashuka hadi kwa aliyeleta habari.

Kama na wewe uliwahi kutoa onyo ukachekwa, andika hapa chini. Na wenye taaluma ya usalama karibuni mnisahihishe, ila msiniambie hawakujua.